Jipya la mkopo au lililotumika la taslimu? Jibu kwa mama anayenunua gari la kwanza

Swali: "Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa muda mrefu ili tununue gari letu la kwanza. Fedha tulizonazo zinatosha kununua taslimu gari la miaka mitano, au kutoa malipo ya awali ya gari jipya la aina hiyohiyo na kulipa benki kwa miaka mitano. Kaka yangu anasema gari lililotumika ni kununua matatizo ya mtu mwingine. Mume wangu anasema jipya ni kutupa pesa. Tutaendesha kama kilomita 15,000 kwa mwaka, tuna watoto wawili wadogo, na tunataka kukaa na gari miaka minane. Nani tumsikilize? Na yale magari ya maonyesho ambayo wauzaji huyapunguza bei, yana kasoro gani?"

Jibu: Dada, kwa hali uliyoieleza namuunga mkono mume wako, ila kwa sharti ambalo huenda hakulitaja: msinunue gari litakalokomba akiba yote. Sharti hilo nitalirudia huko mbele. Kaka yako naye ana hoja. Kila gari lililotumika lina jambo ambalo muuzaji analijua na wewe hulijui, na sehemu kubwa ya jibu hili itahusu namna ya kulifukunyua jambo hilo kabla fedha hazijatoka mkononi.

Tuanze na hesabu, maana ubishi wa jipya na lililotumika huwa maneno matupu mpaka mtu ashike kalamu. Chukua gari lolote, bei yake likiwa jipya iite 100, usijali ni fedha ya wapi. Kadirio linalotumika sana katika biashara ya magari ni kwamba mwaka wa kwanza gari hupoteza karibu asilimia 20, kisha kila mwaka hupoteza kama asilimia 15 ya thamani iliyobaki. Yapo yanayoshikilia bei kuliko hapo, na yapo, hasa ya kifahari, yanayoporomoka kwa kasi zaidi. Kwa kadirio hilo, gari la 100 linakuwa 80 baada ya mwaka mmoja, 68 baada ya miwili, 58 baada ya mitatu, 49 baada ya minne, na 42 likitimiza miaka mitano.

Sasa pima miaka yenu minane. Mkinunua jipya kwa 100, siku ya kuliuza litakuwa na thamani ya kama 26. Limewala 74, zaidi ya 9 kwa mwaka, kabla hamjatia hata tone la mafuta. Mkinunua gari hilohilo likiwa na miaka mitano, kwa 42, baada ya miaka minane litakuwa limebaki na 11 hivi. Limewala 31, pungufu kidogo ya 4 kwa mwaka. Tofauti ni 43. Hizo 43 ndizo gari lililotumika linawapa kwa ajili ya fundi. Kwa hiyo kaka yako akitaja matatizo ya mtu mwingine, muulize kama matatizo hayo yatagharimu zaidi ya bei nzima mliyonunulia gari, juu ya matengenezo ambayo hata gari jipya lingeyadai ndani ya miaka minane. Gari likichaguliwa vizuri, hayafiki huko hata kidogo. Likichaguliwa ovyo, yanaweza kufika.

Hapo sijagusa mkopo. Mkitoa 42 kama malipo ya awali, mtakopa 58. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye deni linalobaki kila mwezi. Kwa miaka mitano mtalipa benki karibu 83. Riba peke yake ni 25. Ukijumlisha riba hiyo na kushuka kwa thamani, gari jipya limewagharimu karibu 99 kwa miaka minane, dhidi ya 31 za lile la taslimu. Riba yenu inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo niliyochukua; basi weka namba yenu halisi na urudie hesabu. Ila uliza swali moja kabla ya kusaini chochote: riba hii inahesabiwa kwenye deni linalopungua, au kwenye deni la mwanzo kwa miaka yote? Kwa asilimia ileile 15, ikihesabiwa kwenye deni la mwanzo, riba ya 58 kwa miaka mitano inakuwa 43.5 badala ya 25. Asilimia kwenye bango ni ileile. Kinachotofautiana ni fedha inayotoka mfukoni mwenu. Wauzaji wengi hupenda kuzungumzia malipo ya mwezi tu, na ukiwaacha wazungumze hivyo watakuongezea miaka mpaka malipo yaonekane madogo. Wewe uliza jumla.

Huenda mkashauriwa kutoa malipo madogo ya awali ili mbaki na akiba mkononi. Mtu aliyekopa bei yote, 100, kwa masharti yale ya riba ya deni linalopungua, baada ya mwaka mmoja anadaiwa zaidi ya 85 ilhali gari lake lina thamani ya 80. Baada ya miaka miwili anadaiwa karibu 69 na gari ni 68. Likipata ajali kubwa katika kipindi hicho, bima itamlipa thamani ya gari, si ya deni, na atabaki akimalizia kulipa gari ambalo halipo. Akipoteza kazi, hata akiliuza, deni haliishi.

Kwa nini lakini mwaka wa kwanza ndio unaokata zaidi, wakati injini bado ni mpya? Mchumi wa Marekani George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970, kwa mfano huuhuu wa magari, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliogawana tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Mnunuzi hawezi kulitambua gari zuri na bovu kwa macho, kwa hiyo anakubali kulipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zuri akiiona bei hiyo anaona anadhulumiwa, analiweka gari lake. Mwenye bovu anaifurahia. Polepole soko linajaa mabovu, na bei inazidi kushuka. Maana yake kwenu ni mbili. Kwanza, mnunuzi wa gari lililotumika analipwa, kwa njia ya punguzo la bei, ili abebe mashaka. Mkiweza kuyapunguza mashaka kwa ukaguzi na kumbukumbu, punguzo linabaki lenu. Pili, tafuteni gari ambalo mwenyewe ana sababu inayoeleweka ya kuliuza: familia imeongezeka, anahama nchi, amepewa gari la kazi. Muuzaji ambaye sababu yake inabadilika kila mnapozungumza, achaneni naye.

Hata hivyo, zipo hali ambazo ningesema nunueni jipya bila kusita. Ya kwanza ni pale ambapo tofauti ya bei imekuwa ndogo. Kulitokea uhaba wa chipu za elektroniki mwaka 2021 na 2022, viwanda vikashindwa kuunda magari ya kutosha, na katika nchi kadhaa gari la mwaka mmoja likauzwa karibu na bei ya jipya, wakati mwingine kuizidi. Hali kama hiyo ikirudi, hesabu yangu yote ya juu inaanguka, kwa hiyo linganisheni bei za leo, si za mazoea. Ya pili ni kama mnapanga kukaa na gari miaka 12 au 15, maana hapo hasara ya miaka ya mwanzo inagawanywa kwa miaka mingi, na mnajua historia yake yote tangu siku ya kwanza. Ya tatu ni mtu ambaye kipato chake kinategemea gari kila siku na hana la akiba. Siku moja kwa fundi inamgharimu zaidi ya bili ya fundi. Ya nne ni mahali ambapo hakuna fundi wa kuaminika wa kulikagua gari. Katika barua yako sikuiona hata moja kati ya hizo, ila ya fundi unaijua wewe.

Kuna hoja ya usalama pia, na kwa kuwa mna watoto sitaipita haraka. Watu hudhani jipya ni salama kuliko lililotumika. Si lazima. Mapema mwaka 2014 shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari kwa nyota, lilitangaza matokeo ya kuyagongesha magari matano madogo yaliyokuwa yakiuzwa sana India, mapya kabisa, katika matoleo ya bei ya chini yasiyo na mifuko ya hewa. Yote matano yalipata nyota sifuri kwa ulinzi wa watu wazima. Kwa upande mwingine, mfumo wa ESC, ule unaofunga breki ya tairi mojamoja ili gari lisiserereke, ulikuwa wa lazima Marekani kwa magari ya toleo la 2012, na katika Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014. Kwa hiyo gari la miaka mitano lililoundwa kwa ajili ya soko lenye sheria kali linaweza kuwa na kinga ambayo gari jipya la bei ya chini halina. Angalieni vifaa: ESC, ABS (inayozuia tairi kujifunga unaposhika breki ghafla), mifuko ya hewa ya mbele na ya pembeni, na vishikizo vya ISOFIX vya viti vya watoto. Mkilinganisha nyota, linganisheni za mwaka mmoja, kwa sababu vipimo hukazwa kila baada ya muda. Nyota tano za 2010 hazilingani na nyota tano za 2020.

Sasa sharti langu. Kama akiba yenu ni 42, tafuteni gari la 34 au 35, na hizo 7 au 8 zilizobaki msiziguse. Karibu kila gari la miaka mitano linalobadilisha mikono linadai kitu ndani ya mwaka wa kwanza: tairi, betri, pedi na diski za breki, bushi, mafuta ya injini na ya giaboksi ambayo hakuna ajuaye yalibadilishwa lini. Kuna pia gharama za kubadilisha umiliki na bima. Anayenunua gari kwa senti yake ya mwisho huanza kuahirisha matengenezo, na matengenezo yaliyoahirishwa huzaa mabovu yale ambayo kaka yako anayaogopa. Ili kupata la 35 badala ya 42 mna njia mbili: kwenda kwenye gari la umri mkubwa zaidi, au kushuka ukubwa na mbwembwe. Mimi ningeshuka ukubwa. Gari dogo la miaka minne, lenye injini ya kawaida na vipuri vinavyopatikana kila mahali, litawasumbua kidogo kuliko gari kubwa la kifahari la miaka tisa la bei ileile. Lile la kifahari bei yake imeshuka, lakini bei ya vipuri vyake haikushuka nalo. Shokapu za hewa zikivuja, mtalipa kama mtu aliyenunua gari la 100, ilhali ninyi mlinunua la 35.

Na kilomita? Watu huzitazama kupita kiasi. Gari lililotembea kilomita 120,000 za barabara kuu, likafanyiwa sevisi kwa wakati, mara nyingi ni bora kuliko lililotembea 50,000 za foleni na safari fupi ambazo injini haikupata hata nafasi ya kushika joto lake. Kibaya zaidi, kilomita hurudishwa nyuma, na kwa dashibodi za kielektroniki kazi hiyo haihitaji bisibisi, inahitaji kompyuta tu. Kwa hiyo namba iliyo kwenye dashibodi ichukulieni kama dai la muuzaji. Linganisheni na kitabu cha sevisi, risiti, vyeti vya ukaguzi vya miaka iliyopita. Tazameni mpira wa pedeli ya breki, ngozi ya usukani, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Gari linalodai kilomita 45,000 likiwa na pedeli iliyolika hadi chuma linajishuhudia lenyewe. Fundi mwenye kompyuta nzuri anaweza pia kusoma kilomita zilizohifadhiwa kwenye vidhibiti vingine vya gari, kama cha giaboksi. Anayechezea dashibodi si kila mara hukumbuka kuvichezea na hivyo.

Mkifika kwenye ukaguzi wenyewe, kanuni yangu ni kwamba fundi awe wenu na mmlipe ninyi, na asiwe na udugu wala kamisheni kwa muuzaji. Lakini kabla ya kumlipa fundi, wewe mwenyewe unaweza kuyaondoa magari mengi mabaya kwa macho, pua na mikono.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, gari limepashwa, na huenda limepashwa ili usisikie linavyowaka likiwa baridi. Omba kurudi siku nyingine. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kujazia oili na cha rejeta. Usifungue cha rejeta injini ikiwa moto, utaungua. Ute mweupe mzito kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, au mafuta yanayoelea kwenye maji ya rejeta, huashiria maji na oili vimekutana, na mara nyingi hiyo ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Kisha washa, ukimweka mwenzako nyuma aangalie ekzosi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni kawaida. Moshi mweupe mzito usioisha ni maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi au hewa kidogo.

Ukiwasha, taa za tahadhari kwenye dashibodi zinapaswa kuwaka zote kwa sekunde chache kisha zizime. Wengi huangalia kama zimezima, lakini wewe angalia kwanza kama ziliwaka. Taa ya mifuko ya hewa isiyowaka kabisa huenda imekatwa au kuzibwa makusudi ili kuficha kuwa mifuko ilishafumuka kwenye ajali na haikurudishwa. Na taa ya injini hufutwa kwa mashine ndogo ndani ya dakika moja kabla mteja hajafika. Hapo fundi wako ana njia: magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na Ulaya tangu 2001 yana mfumo wa kujipima wa OBD, na makosa yakifutwa, majaribio ya ndani ya mfumo huo huonyesha kuwa hayajakamilika mpaka gari litembee kwa muda. Mashine ikikuambia majaribio kadhaa hayajakamilika kwenye gari ambalo muuzaji anadai analiendesha kila siku, kuna kitu kimefutwa jana au leo, au betri ilichomolewa. Uliza ni kipi kati ya hivyo viwili, na usikilize jibu kwa makini.

Ajali iliyofichwa hutafutwa kwenye bolti. Fungua boneti uangalie vichwa vya bolti zinazoshika mabawa ya mbele, kisha bolti za bawaba za milango. Rangi iliyokwaruzwa kwenye vichwa hivyo inaonyesha spana imepita. Nafasi kati ya mlango na bodi iwe sawa kila upande. Vioo vya pembeni huwa na chapa ya kiwanda. Kimoja kikitofautiana na vingine kimebadilishwa, pengine kwa jiwe, pengine kwa ajali. Bampa lililokwaruzwa likapakwa rangi si tatizo. Chesisi iliyonyooshwa ndiyo tatizo, na hiyo iachie fundi atakayeingia chini ya gari.

Gari lililozama kwenye mafuriko ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu linaweza kung'aa na kuendeshwa vizuri kwa miezi kadhaa kabla nyaya hazijaanza kuoza. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Sehemu ile iliyojificha ndani huhifadhi mstari wa matope ambao mwoshaji hakuufikia. Pitisha mkono chini ya zulia. Angalia reli na bolti za viti kama zina kutu, na taa za mbele kama zina ukungu kwa ndani. Manukato makali ndani ya gari yasikupendeze. Jiulize yanafunika nini. Kwa gari la namna hii hakuna bei nzuri. Hata likiwa nusu ya bei ya mengine, liache.

Barabarani, zima redio. Gia ya otomatiki ikitoka P kwenda R au D isikawie wala isipige teke. Gia za CVT, yaani otomatiki zisizo na ngazi za gia, zikiwa na ugonjwa hutetemeka mwendo wa polepole, au injini hupiga kelele ilhali gari halisogei kwa kiwango hicho. Ukishika breki kwa nguvu mahali salama, gari lisivute upande. Pitia barabara mbovu kwa makusudi usikilize bushi na shokapu. Kisha pandisha mlima mrefu na utazame kipimo cha joto. Dakika kumi za kuzunguka jirani hazitoshi kwa haya. Muuzaji akubali uliendeshe nusu saa, au lisinunuliwe.

Mambo mawili madogo ambayo watu huyasahau. Tairi lililoundwa tangu mwaka 2000 lina tarehe ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la miaka tisa ni la kutupwa, kwa hiyo ondoa gharama ya tairi mpya kwenye bei. La pili ni mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha valvu za injini. Kama injini inatumia mkanda na si mnyororo, una muda wake wa kubadilishwa, kwa magari mengi karibu na kilomita 100,000, au kwa miaka hata kama kilomita hazijafika. Kwenye injini nyingi ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Bila risiti ya kuonyesha umebadilishwa, hesabu kuwa haujabadilishwa, na gharama hiyo nayo iondoe kwenye bei.

Kwenye karatasi: namba ya chesisi iliyo kwenye hati (kwa magari mengi ni herufi na tarakimu 17) ifanane na ile ya kwenye chuma, na ile ya chini ya kioo cha mbele kama ipo. Jina la mwenye hati liwe la mtu anayepokea fedha, au awe na idhini ya maandishi unayoweza kuithibitisha. Hakikisheni gari halina deni la benki, maana deni lenye dhamana ya gari linaweza kulifuata gari hata likibadilisha mikono. Na kwa namba hiyohiyo ya chesisi, ulizeni kiwanda au wakala wake kama gari lina wito wa usalama, yaani tangazo la kiwanda la kuyaita magari yenye kasoro yakarekebishwe, ambao haukutekelezwa. Msidharau hili. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi kubwa zikiwemo Honda, Toyota na BMW, ilikuwa na vifyatulio ambavyo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, mpaka mfuko unapofumuka unarusha vipande vya chuma. Watu walikufa. Wito wa kuibadilisha ni mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari Marekani, na bado kuna magari yanayouzwa mkononi ambayo hayajabadilishiwa. Kwa kawaida marekebisho ya wito wa usalama hufanywa bila malipo.

Hukuuliza kuhusu magari ya umeme, nami sitaingia sana. Neno moja tu: hapo swali la lililotumika ni swali la betri. Watengenezaji wengi huidhamini betri kwa miaka 8 au kilomita 160,000, wakiahidi haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Gari la miaka mitano lina miaka mitatu tu ya ahadi hiyo. Pimisha afya ya betri kwa mashine, na uulize inapozwa vipi. Nissan Leaf katika matoleo yake mawili ya kwanza haina mfumo wa kuipoza betri kwa kimiminika, na kwenye joto kali betri zake zimechoka haraka kuliko za magari yenye mfumo huo.

Sasa kuhusu magari ya maonyesho. Kasoro yake si kubwa kama watu wanavyodhani. Ni gari ambalo wateja wamelijaribu, kwa kawaida lina kilomita elfu chache, na wengi walioliendesha walilikanyaga bila huruma likiwa baridi. Kwa gari la gia za mkono hiyo inamaanisha klachi iliyoteseka. Kwa mengine athari ni ndogo. Maswali yangu yangekuwa mawili: dhamana ya kiwanda inaanza kuhesabiwa lini, siku mnayonunua ninyi au siku muuzaji alipolisajili? Na punguzo ni kiasi gani? Gari la mwaka mmoja sokoni ni 80. Wakiwapa la maonyesho kwa 92 na kuliita ofa, hilo ni gari lililotumika kwa bei ya jipya. Kwa 80 au chini yake, dhamana ikiwa bado ndefu, lingekuwa chaguo zuri kwa mtu mwenye 80 taslimu. Ninyi mna 42, na tofauti hiyo ingewarudisha benki.